UZI: Shule ya chata darasa la 6 hadi la 8 (Marekani) – pima hivi kabla hujasaini

#1 mzee_wa_ratiba

Wakuu, kila msimu wa maombi swali ni lile lile: mtoto anamaliza la 5, aende chata au aende shule ya kati ya wilaya? Nafungua uzi mmoja ili tusijibu mara hamsini. Wenye kujua majimbo yenu, ongezeeni chini.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Chata hapa siyo nembo ya kwenye fulana. Ni shule ya mkataba: shule ya umma, inalipwa kwa kodi, ila haiendeshwi na wilaya. Kikundi chenye bodi yake kinapewa mkataba wa miaka kadhaa na mamlaka fulani, na mkataba unaweza kunyang'anywa matokeo au hesabu za fedha zikiharibika. Minnesota ndiyo ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na City Academy ya St. Paul ikafungua milango 1992. Mamlaka inayotoa mkataba hutofautiana: Texas nyingi zinapewa na idara ya elimu ya jimbo (TEA), Michigan vyuo vikuu kama Central Michigan na Grand Valley State ndio wenye nyingi, Ohio wanamwita mdhamini, na shule zenyewe kisheria zinaitwa "shule za jamii". Msipotee mkiona jina hilo kwenye karatasi.

Mzazi aliyezoea karo ya Nairobi, ada ya Dar au minerval ya Bukavu akisikia "shule ya kuchagua" anaona private, na private kichwani mwake ni bora. Hapa sivyo. Chata haitozi ada ya masomo, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa droo. Kwa hiyo kupata nafasi hakuonyeshi kwamba mtoto ana akili wala kwamba shule ni nzuri. Kunaonyesha namba yake imetoka.

Walioko Burlington, Omaha na Sioux Falls: Vermont, Nebraska na South Dakota hazina sheria ya chata, uzi huu hauwahusu. Louisville pia: Kentucky ilipitisha sheria 2017 lakini fedha zikakwama mahakamani, na Novemba 2024 wapiga kura wakakataa kubadili katiba ili fedha za umma ziruhusiwe kwenda nje ya shule za kawaida. Akija mtu kukuuzia "chata ya Louisville", muulize anazungumzia nini.

Jambo moja niliweke mbele: usilinganishe "chata" na "wilaya". Linganisha jengo na jengo, la 6 hadi la 8, kwa mtoto huyu. Watafiti wa CREDO wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti mwaka 2023: kwa wastani wa nchi, wanafunzi wa chata walisonga mbele kwa kiasi cha kama siku 16 zaidi za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu, kwa mwaka, kuliko wenzao wa shule za kawaida za umma. Siku 6! Tofauti kati ya chata moja na nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Na chata za mtandaoni katika ripoti hiyo hiyo zilipoteza siku 58 za kusoma na 124 za hesabu. Mtoto wa miaka 11 peke yake nyumbani na kompyuta, mzazi yuko zamu ya ghala: mnajua kitakachotokea.

---

#2 Nyota_GR

Asante mkuu. Swali: shule ikisema "asilimia 70 ya watoto wetu wamefaulu mtihani wa jimbo" na ya wilaya ni 45, si hapo jibu lipo?

---

#3 mzee_wa_ratiba

Halipo, dada. Asilimia ya waliofaulu inakuambia watoto gani wameingia, zaidi ya walichofundishwa. Fanya hivi:

1. Fungua ripoti ya shule ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya 2015 (ESSA) inalazimisha kila jimbo kuitoa, na chata zimo. Texas ipo kwenye txschools.gov. Ohio na Minnesota, andika jina la jimbo na "report card".

2. Tafuta kipimo cha ukuaji, yaani mtoto aliyeingia na alama fulani alisogea kiasi gani kwa mwaka. Kwa shule inayoanzia la 6 hiki ndicho kinachoihusu yenyewe. Alama za chini na ukuaji mkubwa: shule inafanya kazi. Alama za juu na ukuaji wa chini ya wastani: inapokea watoto wazuri na kuwakalisha.

3. Shuka kwenye kundi la mtoto wako: wanaojifunza Kiingereza, wenye kipato kidogo, wenye elimu maalumu. Ukikuta nyota au kistari badala ya namba, maana yake kundi ni dogo mno hata jimbo limeficha namba kulinda faragha. Nayo ni habari. Shule haina watoto kama wako, au haijakaa nao.

4. Soma miaka 3, siyo 1. Shule yenye watoto 60 kwa darasa hupanda na kushuka kwa sababu ya watoto wanne tu. Mwaka 2020 mitihani ilifutwa nchi nzima, usishangae pengo.

5. Utoro sugu: mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku, kama 18 kati ya 180. Chata ambayo theluthi ya watoto wanakosa hivyo ina tatizo la basi au la mazingira, hata kama ukuta umejaa bendera za vyuo vikuu.

Kisha fanya hesabu ambayo haitakuwa kwenye kipeperushi chochote. Chukua idadi ya wanafunzi kwa kila darasa na ufuate kundi lile lile mwaka hadi mwaka. Tuseme la 6 mwaka 2022–23 walikuwa 112, la 7 mwaka uliofuata 94, la 8 mwaka 2024–25 ni 71. Wamebaki asilimia 63. Sasa hiyo 70 ya kufaulu ni ya nani? Ni ya waliobaki. Waulize: waliotoka walikwenda wapi, na mlijaza nafasi zao? Chata nyingine hazipokei mtoto mpya baada ya la 6. Si kosa kisheria sehemu nyingi, lakini usiifananishe na shule ya wilaya inayopokea yeyote anayegonga mlango Februari.

---

#4 MwalimuWaEL

Naomba niseme la lugha, maana hapa ndipo familia zetu huumia.

Ukisajili, utapewa karatasi ya lugha ya nyumbani. Andika ukweli: Kiswahili, Kinyamulenge, Kibembe, chochote. Kuna wazazi huandika "English" wakiogopa mtoto kuwekwa pembeni. Matokeo yake hapimwi, hapewi msaada, na anapofeli sayansi ya la 7 wanaanza kuuliza kama ana shida ya akili. Baada ya karatasi hiyo shule inatakiwa impime na kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au wiki mbili akiingia katikati. Chata inabanwa na sheria hii sawa na wilaya. Unaruhusiwa kukataa huduma, lakini mtihani wa lugha wa kila mwaka ataendelea kuufanya: ACCESS wa WIDA kwa Michigan na Minnesota, TELPAS Texas, OELPA Ohio, AZELLA Arizona.

Maswali ya kumpa mkuu wa shule, na usikubali jibu la "tunawahudumia watoto wote":

– Mna walimu wangapi wenye leseni ya kufundisha wanaojifunza Kiingereza, na watoto wangapi kwa kila mwalimu? Mwalimu mmoja kwa watoto 20 na mmoja kwa 75 ni shule mbili tofauti. Mwalimu mmoja anayekuja Jumanne na Alhamisi ni ya tatu.
– Dakika ngapi kwa wiki, na anatolewa kwenye somo gani? Akitolewa kwenye sayansi kila siku, la 8 litamkuta hana msingi. Somo la lugha liwe kwenye ratiba kama somo, au mwalimu aingie darasani mwake.
– Mwaka jana wangapi walivuka na kutoka kwenye programu?

Kwa mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, hasa aliyekatishwa masomo miaka miwili mitatu, msimamo wangu ni mkali: anza na wilaya, kama wilaya ina kituo cha wageni wapya. Wilaya nyingi zilizopokea wakimbizi wengi zina vituo hivyo. Wanafundisha kusoma kuanzia sauti za herufi kwa mtoto wa miaka 12 bila kumdhalilisha, hesabu polepole, na wana wakalimani. Chata ya watoto 250 hata ikiwa na moyo mzuri haina bajeti ya hayo. Baada ya mwaka mmoja au miwili ndipo uangalie chata.

---

#5 Kivu_Ohio

Hapo kwa wakalimani: ni haki, bure, wilaya na chata. Mtoto asitumike kumkalimania mzazi wake kwenye kikao cha nidhamu au cha elimu maalumu. Ukiomba, sema lugha kwa usahihi. Ukisema "Swahili" tu watakupigia mtu wa Mombasa kwenye simu, mama wa Uvira anabaki anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa nusu. Omba "Swahili ya Kongo" au lugha unayoimudu zaidi, iandikwe kwenye faili la mtoto.

Jambo jingine la wakimbizi: tarehe 1 Januari. Watoto wengi wana tarehe hiyo kwenye hati kwa sababu ya kuzaliwa ilikosekana. Shule hupanga darasa kwa umri wa kwenye karatasi. Mtoto anayeonekana kuwa na 13 anawekwa la 7 au la 8, kumbe ana 11. Kwenye shule ya kati miaka miwili ni mlima: mwili, hesabu, marafiki. Kama tarehe imekosewa, shughulikia marekebisho mapema na mweleze mkuu kwa maandishi. Usingoje Septemba.

---

#6 shangazi_wa_fomu

Niweke ratiba na karatasi, maana droo haina huruma.

Chata nyingi hufungua maombi kati ya Oktoba na Desemba, hufunga kati ya Januari na Aprili, droo inafuata baada ya hapo. Tarehe ni ya kila shule au mji. New York City maombi ya pamoja hufungwa 1 Aprili. Omba shule 3 au 4, hailipwi. Ukipata barua, soma siku ya mwisho ya kukubali, mara nyingi ni siku chache tu. Barua pepe ikienda kwenye takataka nafasi imekwenda, basi. Wekeni barua pepe mnayoifungua kila siku na namba ya simu ambayo haitabadilika mkibadilisha laini.

Ndugu wa mwanafunzi aliyemo hutangulizwa sehemu nyingi. Kwa hiyo ukiwa na watoto watatu, jina la mmoja likitoka, waandikishe wengine haraka kabla orodha haijasonga.

Orodha ya kusubiri: uliza uko namba ngapi na mwaka jana walifika namba ngapi. Namba 14 kwenye shule iliyofika 40 mwaka jana ina matumaini. Namba 14 iliyofika 3, endelea na mambo yako. Orodha husonga sana wiki mbili za kwanza baada ya shule kufunguliwa, ndipo wasiotokea wanaondolewa.

Karatasi za kusajili: uthibitisho wa umri, wa anwani, chanjo, rekodi za shule iliyotangulia. Chanjo za la 7 husahaulika: Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro) na ile ya uti wa mgongo zinadaiwa Ohio, Michigan na Texas. Kliniki hujaa Agosti, nendeni Juni.

Hawaruhusiwi kukunyima nafasi kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua 1982, kesi ya Plyler, na chata ni shule ya umma. Fomu ikiuliza namba ya Social Security, acha wazi. Na familia inayoishi kwa ndugu kwa kukosa nyumba inalindwa na sheria ya McKinney-Vento: mtoto anaanza masomo mara moja, karatasi zinafuata.

Na msimwondoe mtoto shule ya zamani mpaka ile mpya iwape tarehe ya kuanza kwa maandishi.

---

#7 Nyota_GR

Shangazi, na basi? Nimeona hawasemi chochote.

---

#8 Kivu_Ohio

Wasiposema, hakuna. Hili ndilo hutoa watoto wengi chata kabla ya Krismasi, siyo masomo.

Ohio tuna afadhali: wilaya unayoishi inatakiwa kumsafirisha mtoto wa K (chekechea) hadi la 8 anayeishi zaidi ya maili 2 toka shule, hata akisoma chata, mradi safari toka shule ya wilaya ambayo angesoma hadi huko isizidi dakika 30. Ila wilaya inaweza kutangaza kwamba haiwezekani kwake kumchukua, ikakupa malipo badala ya basi. Ni pesa ndogo, haibebi mwaka mzima. Michigan na Texas chata haibanwi kuwa na basi. Minnesota chata ama inaandaa usafiri yenyewe ama inaiachia wilaya; uliza ipi.

Piga hesabu kwenye karatasi. Shule iko maili 12. Kwenda na kurudi asubuhi, kwenda na kurudi jioni: maili 48 kwa siku. Kwa siku 175 ni maili 8,400. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litakula galoni 336, bado tairi na oili. Halafu zamu: chata yenye siku ndefu inatoka saa 10 jioni, zamu ya pili kiwandani inaanza saa 9 na nusu. Nani atamchukua? Na akipewa adhabu ya kubaki shuleni hadi saa 11, nani atamchukua tena? Jibu liwe na jina la mtu, siyo "tutaona".

---

#9 bwana_nidhamu

Wakuu, mnawatisha watu bure. Faida ya chata ni nidhamu. Sare, foleni, ukimya kwenye korido, kazi za nyumbani dakika 90. Ndivyo tulivyolelewa. Shule za wilaya za kati watoto wanatukana walimu, simu mezani. Mimi ningempeleka hata bila basi.

---

#10 mzee_wa_ratiba

Mkuu, nidhamu sawa, lakini soma kitabu cha kanuni kabla ya kuipenda. Kuna mfumo wa pointi: mtoto anakatwa kwa shati kutoka nje, kwa kuchelewa kujibu, kwa kuangalia dirishani. Pointi kadhaa, anabaki jioni. Zikizidi, anasimamishwa nyumbani. Mtoto mtulivu anastawi na ratiba inayojulikana dakika kwa dakika. Mtoto anayetikisa miguu, aliyepitia vita, au asiyejua Kiingereza cha "kaa sawa, mtazame mwalimu", anaadhibiwa kwa kitu ambacho si utovu wa adabu. Kwetu mtoto kumkodolea mwalimu macho ndiyo utovu. Hapa anakatwa pointi kwa kuinamisha uso.

Angalia namba: ripoti za jimbo nyingi zinaonyesha kusimamishwa, na idara ya elimu ya shirikisho hukusanya data za haki za kiraia kwa kila shule. Uliza mwaka jana la 6 wangapi walisimamishwa angalau mara moja, na wangapi kati yao wana elimu maalumu. Na uliza simu zinakaa wapi mchana. Hapo nakuunga mkono, shule isiyo na jibu la simu haina mpango.

---

#11 Mama_IEP

Nakuja kwa watoto wenye mpango wa elimu maalumu, yaani IEP, na wenye mpango wa 504, yaani marekebisho ya darasani kwa mwenye ulemavu asiye na IEP.

Chata haiwezi kusema "hatutoi huduma hiyo". Ni ya umma, inafungwa na IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Kinachobadilika ni nani anawajibika: chata nyingine ni wilaya yenyewe kisheria, inaajiri mwanasaikolojia na mtaalamu wa matamshi wake, nyingine ni sehemu ya wilaya na wilaya ndiyo inaleta wataalamu. Uliza swali hilo la kwanza, maana ndilo linakuambia ukipeleka malalamiko uyapeleke wapi.

Mtoto akihama na IEP inayotumika, shule mpya inatoa huduma zinazolingana tangu siku ya kwanza, kisha inaikubali au inaitisha kikao kuandika mpya. Peleka nakala yako mkononi. Mafaili yakitumwa kwa kompyuta huchukua wiki, na wiki sita za mwanzo za la 6 bila msaada huvunja mtoto. Ukitaka rekodi mwenyewe, sheria ya rekodi za wanafunzi (FERPA) inazipa shule hadi siku 45.

Linganisha kipengele kwa kipengele. IEP inasema dakika 150 za kusoma kwa wiki nje ya darasa kuu? Muulize mratibu: chumba kipi, mwalimu yupi, saa ngapi. Jibu likiwa "sisi tunawajumuisha wote darasani", wanakueleza kwamba mpango utabadilishwa ufanane na shule, badala ya shule ifanane na mtoto.

Na kuna ile lugha laini: "Labda shule yetu haimfai mwanao." Ikitamkwa baada ya droo, jibu kwa utulivu: "Naomba niandikiwe." Mara nyingi haiandikwi, kwa sababu haitakiwi kusemwa. Ukishuku tatizo ambalo halijapimwa, omba tathmini kwa barua yenye tarehe, siyo kwa mdomo mlangoni. Sheria ya shirikisho inatoa siku 60 tangu utie sahihi ya kuruhusu, isipokuwa jimbo limeweka muda wake.

---

#12 Hesabu_Kwanza

Hakuna aliyegusa hesabu, na ndiyo njia panda ya shule ya kati.

Ngazi iko hivi: Aljebra ya I la 8, jiometri la 9, Aljebra ya II la 10, maandalizi ya kalkulasi la 11, kalkulasi la 12. Akianza Aljebra ya I la 9, kalkulasi haifiki bila kuruka ngazi au kusoma majira ya joto. Kwa anayeota uhandisi hilo ni zito. Chata ndogo yenye mwalimu mmoja wa hesabu wa la 8 inaweza isiwe na Aljebra kabisa, au ikaipa jina tu. Uliza: wangapi la 8 wanasoma Aljebra ya I kamili, wanateuliwa vipi mwisho wa la 5 au la 6, na shule za upili za eneo zinaitambua kama krediti? Texas mtoto wa la 8 anayeisoma hufanya mtihani wa jimbo (STAAR) wa mwisho wa kozi, kwa hiyo huwezi kudanganywa, matokeo yapo. Sheria ya Texas ya 2023 pia inataka wilaya na chata zimwingize moja kwa moja kwenye hesabu za juu la 6 mtoto aliyekuwa kwenye asilimia 40 ya juu ya mtihani wa hesabu wa la 5. Kama mwanao yumo na hawajamweka, waulize.

Kinyume chake pia: usimsukume. Mtoto asiyemudu sehemu na uwiano la 6 akitumbukizwa Aljebra ataifaulu kwa C na atairudia.

---

#13 Nyota_GR

Na baada ya la 8?

---

#14 Hesabu_Kwanza

Angalia kama chata inaishia la 8. Ikiishia, shule ya upili ya wilaya ya makazi ipo, hawakunyimi. Lakini shule za upili za wilaya zenye ushindani wa kuingia mara nyingi hupokea kwa fomu za Novemba hadi Januari ya la 8, na mshauri wa chata huenda hazijui tarehe hizo. Ikiwa chata ina upili yake, uliza kama nafasi ni ya moja kwa moja au droo tena.

---

#15 mkaguzi_wa_bodi

Naongeza la uhai wa shule, kwa kuwa wazazi hawaliangalii. Chata hufungwa. Ohio mwaka 2018 shule ya mtandaoni ya ECOT ilifungwa Januari, katikati ya mwaka, na watoto kama 12,000 wakatafuta pa kwenda. Zinazofungwa mara nyingi fedha ndiyo inatangulia, na fedha ni idadi ya watoto. Michigan watoto wanahesabiwa Jumatano ya kwanza ya Oktoba, pesa inafuata hesabu hiyo.

Nusu saa ya kazi:

Mkataba unaisha mwaka gani, na mara ya mwisho ulihuishwa kwa miaka mingapi? Waliohuishwa kwa 5 wako sawa. Waliopewa 1 au 2 yenye masharti, kama mtoto anaingia la 6, huenda asimalizie hapo.

Bajeti iliandikwa kwa watoto wangapi na wako wangapi? Imepangwa 300, wapo 228: hapo walimu watapunguzwa kabla ya Januari.

Ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Nenda kurasa za mwisho utafute sentensi inayosema kuna shaka kama shule itaweza kuendelea. Ikiwepo, funga faili.

Nani anaendesha? Bodi isiyo ya faida inaweza kuajiri kampuni ya faida; Michigan ni jambo la kawaida. Si dhambi, lakini angalia kodi ya jengo inalipwa kwa nani.

Wakuu wa shule wangapi ndani ya miaka 3? Watatu ni jibu tosha.

Muhtasari wa vikao vya bodi ni wa umma. Soma mitatu. Kama hakuna, au ni mistari minne, nayo umeisoma.

---

#16 shangazi_wa_fomu

Na ziara. Usikubali siku ya wazi pekee, siku hiyo hata sakafu imepigwa nta. Omba siku ya kawaida, Novemba au Februari, uwepo kengele inapolia wakabadilishana madarasa, na wakati wa chakula. Omba kuona daftari la kuandika la mtoto wa la 7, la kawaida, siyo lililopo ukutani: mwalimu ameandika maoni au amechora tiki tu? Uliza walimu wangapi ni wa mwaka wa kwanza na darasa gani lina mwalimu wa muda tangu Septemba. Leseni nayo hutofautiana: Arizona mwalimu wa chata hadaiwi cheti cha ualimu, Minnesota anadaiwa leseni.

Chakula: si kila chata imo kwenye mpango wa shirikisho wa chakula cha mchana. Michigan na Minnesota chakula ni bure kwa wote tangu 2023–24, lakini shule lazima iwe imejiunga. Uliza kuhusu halali pia, na kama mtoto anayefunga Ramadhani ana mahali pa kukaa nje ya ukumbi wa chakula.

---

#17 Nyota_GR

Nimeandika maswali 19. Mkuu wa shule ananipa dakika 20. Nichague yapi?

---

#18 mzee_wa_ratiba

Dada, yale yaliyopo kwenye ripoti ya jimbo usimuulize, utayasoma mwenyewe. Kwake uliza manne: mwalimu wa lugha ana watoto wangapi, basi linapita wapi saa ngapi, la 8 wangapi wako Aljebra ya I, na mkataba unaisha lini. Dakika zikibaki, mwambie akuonyeshe darasa ambalo hakulipanga. Ya IEP yapeleke kwa mratibu wa elimu maalumu siku nyingine, hayo hayataki haraka.

---

#19 bwana_nidhamu

Ongeza na la simu, mkuu.

---

#20 mzee_wa_ratiba

Haya, na la simu. Matano.